Mkunguza wa Mulanje na Mitarakwa Yetu

Wazee wa vyama vya misitu, walimu, wanafunzi, hamjambo? Asanteni kwa kufika hapa Njoro, Kenya.

Leo nawaletea habari za mti ambao wengi wetu hatujauona. Kusini mwa Malawi kuna Mlima Mulanje, na kilele chake, Sapitwa, kimefika mita 3,002. Huko ndiko kwao mkunguza, mti wa taifa la Malawi. Kiasili hauoti kwingine kokote duniani. Wataalamu huuita Widdringtonia whytei, kwa jina la Alexander Whyte aliyekusanya sampuli zake mwaka 1891. Mbao zake hunukia, mchwa hawazigusi, na wavuvi wa Ziwa Malawi walizipenda kwa mashua. Uzuri huo ndio uliouponza.

Lakini msumeno haukuumaliza peke yake. Mche wa mkunguza haupendi kivuli. Zamani moto ukipita mara moja baada ya miaka mingi ulifungua nafasi, mbegu zikapata mwanga zikaota. Siku hizi wawindaji na wengine huwasha moto mara kwa mara, na mche huteketea kabla haujazaa. Mti mama uliokuwa jirani nao umeshapasuliwa mbao. Msitu utazaliwa na nani?

Kisha wakaja vidukari wa saiprasi, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa miti. Waliokuwa watu wazima hapa mwaka 1990 wanakumbuka jinsi nyua zetu za saiprasi zilivyokauka. Wadudu haohao walikuwa wameonekana Malawi mwaka 1986, wakaushambulia mkunguza nao. Sisi tulipoteza ua tukapanda mwingine. Wao walikuwa wakipoteza mti usio na kwao kwingine.

Wamalawi wamepanda miche mingi mno mlimani, na nawaheshimu sana kwa jasho hilo. Ila hesabu ya miche hainitoshi. Nataka kujua mingapi iko hai baada ya misimu kadhaa ya moto, na ni nani anayefyeka mikanda ya kuuzuia moto huo.

Nasi hapa kwenye msitu wa Mau tuna mtarakwa, mti wa jamii moja na mkunguza. Haujafika hali hiyo, lakini mizee mingi imegeuzwa nguzo za seng'enge. Na mtarakwa, kwa kawaida, dume ni mti wake na jike ni mti wake. Jike akibaki peke yake, dume wote wamekatwa, hana wa kumchavusha. Kwa hiyo ninyi wa vyama vya misitu, kabla ya mvua za masika, tembeeni mkaandike kila mtarakwa mzee uliosalia, dume na jike. Kitalu kitafuata baadaye.