Mgeni, Kijana na Marimba: Mhadhara Uliotolewa Bagamoyo

Ndugu wasanii, na wazee wetu mliokaa huko nyuma kwenye upepo, shikamooni.

Leo nasema jinsi ya kumwandaa mwimbaji mgeni wa opera aimbe pamoja na vijana na ala zetu. Metropolitan Opera, jumba la opera la New York, ilianzisha programu ya waimbaji chipukizi mwaka 1980. Kijana anaimba nafasi ndogondogo, huku akihifadhi nafasi kubwa ya mwimbaji mwingine, maneno na noti zote. Huyo ndiye mbadala. Mkubwa akikaukiwa sauti saa kumi jioni, usiku ule ule kijana anavaa nguo na kupanda jukwaani.

Sisi tunamleta mgeni wa opera, tunawapanga vijana nyuma yake waitikie, tunapiga picha. Hayo ni mapambo.

Mkipata majuma matatu ya mazoezi, la kwanza mgeni asiwepo. Kijana aimbe nafasi yote ya mgeni kwa kinanda kitupu, mpaka aache kutazama karatasi. Mgeni akifika, mtamsikia mazoezini akiimba nusu sauti, noti za juu akizishusha oktavu moja. Wengi hudhani anaringa. Anatunza koo! Kijana anayetaka kuonekana hupasua sauti Jumatatu, Alhamisi hana kitu.

Kinachoharibu zaidi ni tuni, yaani jinsi noti zilivyopangwa juu na chini. Kinanda kina noti ya A ya hezi 440, yaani mitikisiko 440 kwa sekunde. Marimba ya Kigogo, ile ya ndimi za chuma inayopigwa kwa vidole gumba, ina tuni ya fundi wake. Msikilizeni marimba kwanza. Vyuma vyake vinasogea: ukivuta nje, ulimi unarefuka na sauti inashuka; ukisukuma ndani, inapanda. Sogeza kama unene wa ukucha, gonga, sikiliza. Ila kama wimbo ni wa kwao marimba, acha vyuma vilivyo, kinanda kinyamaze na mgeni ndiye afuate. Akiwa mwanamuziki kweli, hatanuna.

Ngoma nazo hunywa unyevu wa bahari, ngozi ikalegea. Zipashwe moto karibu na muda wa kuingia, kwa mbali, huku mnagonga na kuzigeuza. Mkizisogeza mno ngozi inachanika, kwa hiyo iwepo ya akiba.

Mwisho, ukumbi. Mwimbaji wa opera husikika bila kipaza sauti kwa sababu sauti yake ina nguvu kwenye hezi 3,000 hivi, mahali ambapo okestra imepungua. Lakini anategemea kuta zimrudishie sauti. Penye uwazi kama ufukweni hapa hairudi. Hajisikii, anaanza kusukuma, na nusu saa haiishi ameshachoka. Mwekeeni spika ndogo miguuni, imwelekee yeye. Na spika ya kijana iwe pembeni ya ile ya mgeni, si nyuma.

Haya, maswali. Tuanze na mwenye zeze.