Pima Shafti Kabla Hujawasha

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Mlio nyuma sogeeni mbele, maana kuna kitu hapa mezani nataka mkione kwa macho yenu.

Ni hiki kipande cha bomba. Ni bomba la ndani la shafti ya PTO. PTO ni ile ncha inayozunguka nyuma ya trekta, na shafti yake ni mabomba mawili yanayoingiliana, yanayopeleka mzunguko huo hadi kwenye mashine. Tazameni mwishoni hapa: kingo zimejikunja kwa nje, chuma kimechanika sehemu mbili, na hapa katikati panang'aa kama shilingi mpya. Hapo ndipo lilipogonga mwisho likakosa pa kwenda. Natembea nalo kila ninapoitwa kuzungumza. Najua wapo humu walionisikia mara tatu, na leo watanisikia ya nne. Nitalisema hili mpaka nitakapoacha kuletewa matrekta yaliyovunjika kwa sababu hii hii moja.

Mwenye trekta alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Trekta dogo, nguvu ya farasi 30, jipya kiasi kwamba kiti bado kilikuwa na nailoni. Akanunua mashine ya kukatia majani ya malisho, hii mnayoiita slasha, upana futi nne, ikaja na shafti yake. Kijana wake akarudi kinyumenyume, akafunga mikono miwili ya chini, akafunga mkono wa juu, akachomeka shafti. Shafti ikagoma kuingia. Akachukua nyundo, akaigonga mpaka ikaingia. Jamani! Shafti inayohitaji nyundo inakwambia kitu, na kijana hakuisikiliza. Akawasha, akanyanyua haidroliki ili avuke mtaro wa kuingilia shambani. Ukasikika mlio mmoja tu. Nilipofika, oili ilikuwa imefanya dimbwi chini ya trekta, na nyumba ya beringi ya PTO ilikuwa na ufa ninaoingiza ukucha. Mashine ilikuwa haijakata hata unyasi mmoja.

Sasa sikilizeni imekuwaje. Mashine ikiwa chini, shafti inakaa mteremko, inatoka kwenye trekta kuelekea kwenye giaboksi ya mashine. Mteremko ni mrefu kuliko njia iliyonyooka, na yeyote aliyewahi kuezeka paa analijua hilo. Ukianza kunyanyua, shafti inanyooka, na nafasi kati ya trekta na giaboksi inapungua. Bomba la ndani linazidi kuzama ndani ya lile la nje, sawa na eria ya redio unapoirudisha. Shafti ikiwa ndefu mno, inafika mwisho wakati haidroliki bado inavuta. Na haidroliki ina nguvu ya kunyanyua mamia ya kilo. Haijui kwamba kuna chuma kimekwama katikati, itaendelea kuvuta tu. Lazima kitu kipasuke: beringi ya PTO, au nyumba yake, au giaboksi ya mashine. Na kinachopasuka hakiwi kile cha bei rahisi.

Naona mzee pale anatikisa kichwa. Najua swali lako, mzee wangu: "Lakini fundi, shafti si imekuja na mashine kutoka kiwandani?" Nimeulizwa hivyo mpaka nimechoka, lakini nitajibu. Aliyetengeneza mashine hajui utaifunga kwenye trekta gani. Kutoka ncha ya PTO hadi kwenye pini za mikono ya chini, trekta hili lina kipimo chake na lile lina chake. Kwa hiyo anakuletea shafti ndefu, wewe uikate. Ukinunua suruali dukani, pindo likawa refu, unaipeleka kwa fundi cherehani wala hulalamiki. Shafti nayo ni hivyo hivyo. Haina kasoro, haijamalizwa tu.

Namna ya kuipima ni hii. Funga mashine kwenye mikono mitatu bila shafti. PTO iwe imezimwa na mtu yeyote asisimame katikati. Nyanyua taratibu mpaka ncha ya PTO na ncha ya giaboksi zitazamane, usawa mmoja. Zima injini, toa ufunguo, tia mfukoni mwako, si mfukoni mwa mwenzako. Weka magogo chini ya mashine. Usiiamini haidroliki wakati mikono yako iko chini ya chuma. Halafu chomoa shafti iwe vipande viwili, kimoja kichomeke kwenye trekta, kingine kwenye mashine, uvishike sambamba, ubavu kwa ubavu. Hapo utaona kwa macho yako kipi kinazidi. Piga alama kwa chaki. Unataka zikishaingiliana ibaki nafasi ya sentimita 2.5 hadi 5 kabla bomba halijagonga mwisho. Kata bomba la ndani na la nje kwa kiasi kile kile, na plastiki za kinga zinazoifunika shafti nazo kiasi kile kile. Ukimaliza na msumeno, chukua tupa, ondoa makapi yote ya chuma kwenye kingo, ndani na nje, kisha paka grisi. Nimeona watu wanakata vizuri sana halafu wanaacha makapi, bomba linakwama, tumerudi palepale.

Bado hujamaliza. Rudisha shafti, hakikisha uma za pande zote mbili, zile ncha zenye mikono miwili, zimekaa mstari mmoja, maana zikipishana shafti itatetemeka na kula krosi zake, vile vyuma vya msalaba vya kwenye viungo. Shusha mashine mpaka chini kabisa, zima, angalia. Nyanyua mpaka juu kabisa, zima, angalia tena. Pale shafti inaporefuka zaidi, mabomba yawe bado yameingiliana walau theluthi ya urefu. Ukikata sana, shafti itachomoka ikiwa inazunguka, na hilo ni baya kuliko lile la kwanza.

"Je, nikibadilisha trekta?" Nunua shafti nyingine. Sioni haya kulisema. Bei ya shafti na bei ya kufungua tako la trekta hazikaribiani hata kidogo.

Niseme habari ya hizi plastiki, kwa sababu watu wanazivua wakisema zinasumbua wakati wa kupaka grisi. PTO ya matrekta yetu haya inazunguka mara 540 kwa dakika. Gawanyeni: ni mizunguko 9 kwa sekunde. Pale kwenye uma, mzingo ni kama sentimita 25. Ikishika nguo, inavuta zaidi ya mita 2 kwa sekunde moja. Kanga haifiki urefu huo. Mama aliyejifunga kanga akipita karibu kuleta maji ya kunywa, kabla hajapiga kelele, kanga yote imeshazungushwa, na yeye yumo ndani yake. Kwa hiyo kinga ikae, na kile kicheni chake kidogo kifungwe mahali pasiposogea ili plastiki isizunguke pamoja na shafti. Atakayeniambia kicheni hakina kazi, nitamwomba aje tuzungumze pembeni, maana hilo silifanyii mjadala.

Bolti ya usalama. Ile ndogo inayokatika kisu kikigonga kisiki. Imewekwa pale ikatike! Mtu akikatikiwa mara mbili kwa siku anakwenda dukani kuomba "bolti ngumu kabisa", anaweka yenye 10.9 kichwani, anafurahi kwamba tatizo limekwisha. Kisiki kinachofuata hakikati bolti, kinakata meno ya giaboksi. Angalia namba iliyo kwenye kichwa cha bolti ya asili, ununue ya namba hiyo hiyo, uweke tano kwenye kisanduku cha spana. Na ikikatika kila mara, tatizo liko shambani, teremka utembee na panga kwanza utafute mawe na visiki.

Naonyeshwa saa. Haya, usawa wa mashine niuseme haraka. Kwanza jaza upepo matairi ya nyuma yawe sawa, la sivyo unapima uongo. Simamisha trekta kwenye sakafu, zima, vaa glovu nzito, zungusha kisu kwa mkono na upime kutoka ncha ya kisu hadi chini. Usipime kutoka kwenye bati, bati linaweza kuwa limepinda. Kushoto na kulia ziwe sawa, unarekebisha kwa mkono wa kulia wenye skrubu. Mbele na nyuma unarekebisha kwa mkono wa juu: mbele pawe chini kidogo kuliko nyuma, sentimita 1 au 2, ili majani yakatwe mara moja tu na injini isipoteze nguvu. Cheni za pembeni zikazwe kiasi cha kuzuia mashine isigonge matairi.

Na giaboksi! Nyingi husafirishwa kavu, bila oili hata tone. Fungua kifuniko utazame kabla ya kitu chochote.

Nilitaka pia kusema habari ya matrekta ya zamani, yale ambayo ukikanyaga klachi, visu vinavyoendelea kuzunguka vinasukuma trekta mbele, na kifaa cha kuzuia hilo. Sitaweza, lakini wenye hayo matrekta msiondoke bila kuniona, hasa mnaokata karibu na makorongo.

Sasa tutoke nje. Trekta lipo chini ya mwembe na mashine yenye shafti mpya ipo pembeni yake, haijapimwa. Nataka vijana wawili waipime mbele yetu, mimi sitagusa. Nani amekuja na tupa?