Mtazame Aliyepoteza Mpira: Bayern na Dortmund Kabla ya Wembley

Asanteni. Kaeni, kaeni. Wa nyuma sogeeni mbele, hapa hakuna anayepangiwa namba.

Sijashuka vizuri kwenye pikipiki, mwalimu mmoja amenishika mkono pale getini: "Mzee, Jumamosi nani anabeba?" Nikamwambia ingia ndani. Sasa yumo ndani, namwona, na nasema mbele yenu wote kwamba jibu la swali hilo sinalo. Leo ni Jumatano, tarehe 22 Mei 2013. Mpira unapigwa Jumamosi saa 3:45 usiku kwa saa zetu, pale Wembley, na mpaka hapo anayekuambia anajua mshindi anaitafuta soda yako.

Historia nayo sisimulii. Mnajua kwamba Bayern na Dortmund ni Wajerumani wawili wa kwanza kukutana kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa. Mnajua Heynckes, kocha wa Bayern, anaondoka na Guardiola anakuja. Mnajua Klopp wa Dortmund anavyoruka pembeni ya uwanja kama kavamiwa na nyuki. Kama kuna kocha humu hayajui hayo, amuulize mwanawe.

Nimekuja na jambo langu lile lile. Naona wanaonifahamu wameshaanza kutazamana. Ndiyo, sekunde tano za kwanza baada ya kupoteza mpira. Nilizisema mwaka juzi, nikazisema mwaka jana, na nitazisema mpaka siku nitakapokwenda kwenye mechi ya vijana na kumwona mtoto mmoja, mmoja tu, anafanya kitu ndani ya hizo sekunde tano.

Mpira ukipotea, mtoto tuliyemfundisha sisi anafanya nini? Anashika kiuno. Au anainua mikono kwa mwamuzi. Au anamgeukia aliyempa pasi na kumwuliza, "Ndiyo pasi gani hii?" Sekunde tano zimekwisha. Wenzao wako langoni kwetu, na kocha anapiga kelele "rudini nyuma!", kelele ambayo haijawahi kumrudisha mtu nyuma tangu dunia iumbwe. Mchezaji wa Klopp hana kiuno. [Kicheko] Nacheka na ninyi, lakini nasema kweli. Akipoteza mpira, hatua zake mbili zinazofuata zinaelekea kwa aliyemnyang'anya. Wajerumani wana neno lao, gegenpressing. Mimi naita kukaba papo hapo.

Kwa nini papo hapo? Kwa sababu aliyenyang'anya mpira sasa hivi yuko uchi. Macho yake yako chini kwenye mpira, hajainua kichwa. Beki wake wa kushoto ndiyo kwanza anachomoka kwenda mbele, na wa kulia hivyo hivyo, maana timu yao imeshajihesabu kuwa inashambulia. Nyumba nzima milango iko wazi. Ukimpokonya hapo, lango liko mita 30, na beki aliyepaswa kukuzuia anakimbia kwenda upande wa kwenu. Hata ungekuwa na namba kumi, yule mchezeshaji, bora duniani, pasi ya kufika mahali hapo angehangaika nayo nusu saa.

Sasa kuna mwalimu atasema: wazee wetu nao walikaba, tena walikaba kwa viatu vya chuma. Sawa. Lakini kukaba ninakokusema kunaanza kabla mpira haujapotea, na hapo ndipo makocha wengi mnapoachwa. Watazameni Dortmund wakiwa na mpira. Reus, Gündoğan, Lewandowski, winga wa upande ule, wote wamejikusanya eneo dogo, utadhani wanagombea kivuli. Pasi wanazopiga hapo ni ngumu na nyingi zinaharibika. Klopp hajali! Ikiharibika, kuna watu wanne hatua tatu kutoka kwenye mpira. Timu iliyotandazwa uwanja mzima kama nguo juani haiwezi kukaba papo hapo hata ukiwanyima chakula. Sekunde tano zitaisha wakiwa njiani.

Ngoja niwasimulie kisa cha kibanda umiza. Najua nimeshakisimulia, kuna wageni.

Mwezi Mei mwaka jana, tarehe 12, fainali ya Kombe la Ujerumani pale Berlin, hawa hawa wawili. Tumejazana, joto, feni moja na yenyewe inamtazama mwenye kibanda. Kando yangu kijana wa jezi nyekundu ya Bayern, anajua majina yote, anajua mpaka mishahara. Dakika ya tatu Bayern wanapoteza mpira karibu na kwao, unasogezwa katikati, Kagawa anafunga. Kijana anasema bahati. Robben anasawazisha kwa penalti, kijana anasimama juu ya benchi. Hummels anafunga penalti, Lewandowski anaongeza, mapumziko ni 3-1. Kijana anasema, "Mzee, hii ni bahati tupu, mpira tunao sisi." Na kweli, mpira walikuwa nao wao. Bayern usiku ule walikaa na mpira kuliko wenzao.

Nikamwambia: mwanangu, kipindi cha pili nifanyie kazi moja. Mpira usiutazame. Mtazame nahodha wa Dortmund, Kehl, basi. Akaniona mzee nimepungukiwa. Amelipa hela yake, halafu asiutazame mpira! Lakini malezi mazuri alikuwa nayo, akakubali. Dakika tano, dakika kumi, shingo imemkaza anamfuata Kehl. Ghafla kibanda kizima kinalipuka: Lewandowski, bao la nne! Kijana hakuliona. Akanigeukia karibu alie: "Mzee, umenikosesha bao!"

Nikanunua soda kuokoa undugu. Tukaendelea. Ribéry akapunguza, Lewandowski akaweka la tano na la tatu lake. Tunatoka nje, 5-2, kijana kimya, halafu akasema peke yake, kama anaongea na barabara: "Yule Kehl hakusimama. Kila tukichukua mpira alikuwa ameshafika." Hilo ndilo nililolipia soda. Leo yule kijana anafundisha watoto wa chini ya miaka 12, na watoto wake hawashiki kiuno.

Haya. Najua nini kinawawasha. Mnataka kuniambia: Mzee, hiyo ilikuwa mwaka jana, mwaka huu Bayern wamechukua ligi kwa pointi 91, Dortmund 66, tofauti ya pointi 25, sekunde tano zako zilikuwa wapi? Swali zuri. Sekunde tano zilihamia Munich.

Tazameni walichofanya. Wamepigwa 5-2 Berlin. Wiki moja baadaye wanapoteza fainali ya Ulaya kwa penalti mbele ya Chelsea, uwanjani kwao wenyewe. Timu nyingine ingemfukuza kocha na kununua mfungaji wa magazetini. Hawa wakambakiza mzee Heynckes na kwenda Bilbao kulipa euro milioni 40 kwa Javi Martínez. Milioni 40! Kwa mtu ambaye kazi yake ni kufika kwenye mpira ambao bado hauna mwenyewe. Ligi ya Ujerumani ilikuwa haijawahi kulipa fedha hiyo kwa mtu yeyote. Na kabla yake walikuwa wameshamchukua Mandžukić, mshambuliaji anayekaba kama anadaiwa kodi.

Lakini kubwa kuliko fedha ni Ribéry na Robben. Mabwana wale wawili walizoea kusubiri pembeni waletewe mpira kama chai. Mwaka huu mtafute Ribéry dakika ya 60: yuko karibu na kona ya kwao, anamsaidia beki wake, Alaba. Barcelona waliokutana nao nusu fainali walikuwa na mpira mwingi tu ile mechi ya Munich, wakapigwa 4-0. Wakarudi kwao, wakapigwa 3-0. Kila pembeni Barcelona walipofika walikuta watu wawili, na mmoja wa hao wawili ni nyota wa dunia aliyekubali kuchafuka. Ligi nzima Bayern wamefungwa mabao 18 katika mechi 34. Msiwasifie mabeki peke yao.

Kwa hiyo waliiba somo kwanza, na mwanafunzi wakamnunua baadaye, Götze wa Dortmund, kwa euro milioni 37, tena habari ikatoka siku moja kabla Dortmund hawajacheza na Real Madrid. Lewandowski akajibu kwa mabao manne peke yake.

Tukija Jumamosi yenyewe. Timu mbili zinazokaba papo hapo zikikutana, mnajua kinachotokea? Katikati hapakaliki. Angalieni matokeo yao msimu huu: Desemba 1-1, Kombe la Ujerumani mwezi Februari 1-0, bao la Robben, na mwezi huu 1-1 tena, ingawa hiyo ya mwisho msiihesabu sana maana Heynckes aliwaacha nje wengi wa kikosi cha kwanza. Pengo la pointi 25, ana kwa ana pengo la bao moja tu. Ndiyo maana nawaambia jedwali la ligi liacheni nyumbani.

Dortmund watakuja juu tangu filimbi ya kwanza. Watawakimbilia mabeki wa Bayern, Boateng na Dante, wasipumue. Bayern wana majibu mawili. La kwanza ni Schweinsteiger. Atashuka mpaka katikati ya mabeki wake wawili, wawe watatu nyuma, na Lahm na Alaba wapande. Hapo Lewandowski na Reus, wawili, wanakimbizana na watatu. Klopp atamtuma nani kwa Schweinsteiger? Akimtuma Gündoğan, nyuma ya Gündoğan kunabaki uwanja wa kuchungia ng'ombe, na Müller anaishi humo.

Jibu la pili ndilo hamtalipenda. Kipa wao, Neuer, ataubutua.

Naona mmekunja uso. Kila kocha kijana siku hizi kubutua ni dhambi. Mtoto wa miaka kumi amezungukwa na watu watatu langoni kwake, kocha anamwambia "cheza chini, cheza chini!", wanafungwa, kocha anapiga makofi kwa falsafa. Sikilizeni. Kukaba papo hapo kunahitaji mpira uwe chini na watu wawe wamesogea mbele. Neuer akiupeleka juu, mita 50, kwenye kichwa cha Mandžukić, watu wanne au watano wa Dortmund wamepitwa na mpira kwa mkupuo. Mandžukić hana haja ya kuutuliza. Inatosha Hummels asiupate safi. Mpira unadondoka, na wanaokuja kuokota ni Martínez, Schweinsteiger na Müller. Kule kudondoka, jamani, ndiko nyumbani kwa milioni 40. Kubutua kwa mpango na kubutua kwa woga vinafanana kwenye televisheni. Tofauti utaiona kwa kutazama watu waliokuwa wanasubiri pale chini kabla kipa hajapiga.

Muda? Dakika ngapi? Kumi? Mwenyekiti, dakika kumi zako zina sekunde ngapi? [Kicheko]

Basi haraka haraka. Götze ameumia msuli tangu marudiano na Real, mimi namhesabu hayupo. Reus ataingia katikati nyuma ya Lewandowski, Großkreutz atakwenda kushoto. Großkreutz atakimbia mpaka viatu viombe msamaha, lakini ile pasi ya kwenye uchochoro, baada ya kupokonya, ilikuwa ya Götze. Watapokonya vilevile, ila kitakachofuata kitapungua utamu.

Upande wa kulia wa Dortmund, Piszczek na Błaszczykowski, dhidi ya Ribéry na Alaba: hapo nilikuwa na mchoro, uacheni. Kona na mipira ya kutenga, nilikuwa na kurasa mbili, tuziache. Robben akiingia ndani na mguu wa kushoto, kila mtu duniani anajua atafanya nini na bado anafanya, kwa hiyo mimi niwaambie nini?

Ila miguu. Kukaba namna ya Dortmund kunakula miguu. Kumbukeni Bernabéu, kwa Real Madrid, marudiano ya nusu fainali: dakika 80 wamesimama imara, halafu Benzema, kisha Ramos dakika ya 88, na Madrid walibakisha bao moja tu kuwatoa. Kwa upande wa pili, hawa hawa ndio waliowafunga Málaga mawili dakika za nyongeza, kwa hiyo pumzi haiwaishi kirahisi. Mkifika dakika ya 75 bila bao la tofauti, acheni kutazama pasi, tazameni nani amepunguza hatua moja ya kwenda kwa aliyenyang'anya. Hatua moja tu.

Kazi za Jumamosi. Tunakutana hapa Jumatatu na karatasi. Benchi la dirishani mnatazama Ribéry, Ribéry peke yake, mnaandika kila mara mpira unapopotea yeye ameelekea wapi. Benchi la katikati, Gündoğan. Nyuma kule mlioongea muda wote, Mandžukić, na msiniletee mabao, nileteeni mbio zake bila mpira. Hapana mwalimu, kubadilishana hakuna. Atakayekosa kuona bao kwa sababu ya kazi hii nitamnunulia soda.

Na wewe uliyenishika mkono getini, nani anabeba nani anabeba: wewe utamtazama Weidenfeller, kipa wa Dortmund, dakika zote 90.