Faili Tupu Nalo Hula Nafasi

Ndugu zangu, wengi wenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili, nami nalirudia kwa sababu bado linatugharimu: faili lenye baiti 0 ni faili kamili, na diski hulihesabu.

Niliwahi kuitwa kutazama seva ya ofisi moja, yenye diski ya GB 100 iliyoandaliwa kwa ext4, mfumo wa kupanga faili wa Linux. Kila aliyejaribu kuhifadhi kitu aliambiwa nafasi imekwisha, ilhali amri ya df ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya diski ilikuwa wazi. Walikuwa wameshinda siku mbili wakifuta picha na video bila kupata nafuu yoyote. Nilipoandika df -i, hesabu ya inodi ilikuwa imefika asilimia 100. Inodi ni kumbukumbu ndogo ambayo kila faili, hata tupu, hupewa moja, kwa kawaida ya baiti 256, inayoeleza mwenye faili, ruhusa zake, tarehe zake na mahali data yake ilipolazwa. Jina halimo humo, kwani jina hukaa kwenye saraka, yaani folda. Kwa kawaida ext4 hutenga inodi moja kwa kila baiti 16,384 za diski, kwa hiyo seva ile ilikuwa na inodi takriban milioni 6.5, zilizopangwa siku diski ilipoandaliwa. Programu yao ilikuwa ikiacha faili tupu la alama kila ombi lilipokamilika, na hakuna aliyeandika mstari wa kulifuta. Picha walizofuta zilirudisha nafasi ya data, ambayo haikuwa imepungua. Inodi zilizorudi zilikuwa chache mno, na programu ilizimeza mara moja.

Najua yupo atakayesema wangenunua diski kubwa zaidi. Wangenunua, na programu ileile ingeijaza kwa faili zilezile, kwa hiyo naomba hoja hiyo tuiache. Mwingine atataja XFS, mfumo mwingine wa faili, ambayo hutenga inodi kadiri zinavyohitajika, na hapo ana haki, ingawa hata huko kila inodi hula nafasi yake.

Faili likishakuwa na baiti moja tu, ext4 ya kawaida hulitengea bloku nzima, yaani kipande kizima cha diski, cha baiti 4,096, kwa hiyo faili milioni moja za baiti 100 kila moja, ambazo data yake ni MB 100, hushika zaidi ya GB 4. NTFS, mfumo wa faili wa Windows, ina njia nzuri hapa: faili dogo, la baiti mia chache, hulazwa ndani ya kumbukumbu yake yenyewe, ndiyo maana Windows huweza kuonyesha kwamba ukubwa wake kwenye diski ni 0.

Muda umenitupa mkono, hivyo flashi nitazigusa tu. Kwenye FAT32, mfumo wa faili wa flashi nyingi, yenye klasta (vipande vya nafasi) za KB 32, faili tupu halipewi klasta hata moja, bali hubaki na maelezo yake ndani ya saraka. Liandikeni herufi moja, nalo litashika baiti 32,768.