"Ataacha Lini?"

Ndugu zangu wa Mtwara, nitafika kwenye kifua kikuu na kwa akina mama, lakini kwanza tumalizane na swali linalonifuata kutoka Shangani hadi Mikindani: "Huyu anayekunywa methadoni ataacha lini?" Methadoni ni dawa ya kunywa anayopewa kliniki mtu aliyenaswa na unga, yaani heroini.

Kuna kijana wa Mikindani, jina silitaji. Alikuwa anakunywa dawa Dar es Salaam, ambako huduma hii ilianzia Muhimbili mwaka 2011. Kila asubuhi yuko dirishani. Anapewa kikombe, anakunywa mbele ya muuguzi, anaongeleshwa kidogo ijulikane amemeza, huyo anakwenda zake kubeba mizigo Kariakoo. Arosto, yale maumivu ya kukosa unga, hana. Unga hukata baada ya saa chache; methadoni humfikisha kesho.

Akafiwa na bibi, akapanda basi kuja kuzika. Siku ya pili miayo, mafua, mifupa inauma. Matangani wakasema malaria. Alipojieleza, mjomba wake akamjia juu: "Mjomba, umenenepa, umepona! Hiyo dawa ni unga wa serikali tu. Kaa hapa mpaka arobaini." Akakaa. Na maskani za hapa anazijua. Wiki ya tatu akajidunga kipimo chake kile kile cha zamani, mwili umeshakisahau. Wakamkuta midomo ya bluu, pumzi moja moja. Bahati bodaboda ilikuwa karibu, akawahishwa hospitali.

Mtasema, "Lakini si bado mtumwa wa dawa?" Mzee wangu pale mbele, vidonge vya presha wewe utaacha lini? (Kicheko.) Dozi ikishakaa sawa, mtu halewi, anafanya kazi, analea. Wapo wanaopunguziwa mpaka wakaacha, ila polepole, wamekubaliana na daktari. Si kwa amri ya mjomba! Akitaka kusafiri, kliniki ijue mapema impangie. Akikosa siku kadhaa mfululizo, akirudi dozi itashushwa. Hajaadhibiwa, ile ya zamani inaweza kumuua.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, kifua kikuu: rifampisini, dawa mojawapo ya ugonjwa huo, huifanya methadoni iishe mwilini haraka, kwa hiyo mgonjwa anapata arosto na dozi amekunywa yote. Msimwite muongo, daktari amwongezee. Akina mama, mjamzito hakatazwi methadoni, tena asiikatishe ghafla. Mengine nifuateni pale nje kabla sijapata bajaji.