Daftari Linalosomwa na Shule Nzima

Walimu wenzangu, asanteni kwa kunikaribisha nizungumzie blogu ya shule, yaani ukurasa wa intaneti ambako wanafunzi wanachapisha maandishi yao na wengine wanayasoma na kuyajibu.

Naomba nianze na daftari la insha. Mtoto anaandika, mwalimu anasahihisha kwa kalamu nyekundu, anaweka alama, daftari linafungwa. Insha ile imepata msomaji mmoja tu, naye alikuwa analijua jibu kabla hajaisoma. Mtoto ana sababu gani ya kujitahidi kueleweka?

Swali hili lina umri mkubwa kuliko intaneti. Katika miaka ya 1920, kusini mwa Ufaransa, mwalimu wa shule ya msingi aitwaye Célestin Freinet alikuwa amerudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na jeraha la pafu, na kusema kwa muda mrefu darasani kulimchosha. Akaleta mashine ndogo ya kupiga chapa. Watoto wakaandika habari za maisha yao, wakapanga herufi za madini ya risasi moja moja, wakachapa, kisha wakabadilishana kurasa na watoto wa shule moja ya Brittany, upande wa pili wa nchi. Kila nikitazama blogu ya shule naiona ile mashine. Tangu zilipokuja huduma za bure za kutengenezea blogu, kama Blogger, mwaka 1999, hatuhitaji tena hata wino.

Niwaeleze nilichokiona kwa macho yangu. Msichana wa darasa la sita aliandika kwenye blogu yetu namna ya kugawanya namba kwa sehemu: "Pindua ya pili, kisha zidisha." Sahihi kabisa, kwenye daftari ningempa vema na kuendelea na safari yangu. Chini yake mvulana wa darasa la nne akauliza: "Kwa nini unapindua?" Siku mbili hakujibiwa. Siku ya tatu msichana akachora maduara matatu, kila moja limekatwa katikati, akaandika: "Hesabu nusu zilizomo. Ni sita. Kwa hiyo 3 kugawanya kwa nusu ni sawa na 3 mara 2." Mimi sikuwa nimemfundisha hivyo. Swali la mdogo wake ndilo lililomrudisha kwenye hesabu ambayo mimi nilidhani ameshaielewa.

Kwa hiyo msiiache blogu mikononi mwa mwalimu wa lugha peke yake. Mwalimu wa sayansi anaihitaji pengine zaidi, maana kila andiko lina tarehe. Mtoto anatabiri kwamba mbegu iliyowekwa gizani haitaota. Wiki ikipita inaota, na utabiri wake bado upo palepale ausome na ajieleze. Usimruhusu aufute. Na mwalimu mkuu naye aandike.

Najua hofu ya makosa ya tahajia kuonwa na watu. Dawa yake ni rasimu: mwenzake amsomee kwa sauti, arekebishe, ndipo ichapishwe. Alama kwa kila andiko mimi sizitaki, zinamrudisha kwa msomaji yuleyule mmoja.

Usalama hauna mjadala. Jina la kwanza tu, bila picha za nyuso, wazazi wakiwa wameridhia, na kila maoni yapite kwa mwalimu kabla ya kuonekana. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1998 inazitaka tovuti zipate idhini ya mzazi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya miaka 13.

Kinachoua blogu nyingi za shule ni ukimya. Mtoto anaandika mara tatu, hakuna anayemjibu, anaacha, na ana haki. Basi tafuteni wasomaji kabla ya kuifungua: darasa kwa darasa, kisha shule kwa shule. Wafundisheni kujibu, kwa sababu "hongera, kazi nzuri" haimpi mwandishi kitu cha kufanyia kazi. Anayejibu ataje alichojifunza, aulize swali moja. Na muda wa kusoma na kujibu uwekwe kwenye ratiba, dakika ishirini kila wiki, ndani ya kipindi, si baada ya kengele ya mwisho.