Nani Amelifungua Jedwali?

Ahsante, Mwenyekiti. Ndugu zangu, na hasa nyinyi vijana mliojibanza huko nyuma kana kwamba huku mbele kuna moto, sogeeni. Mada niliyopewa ni safari ya mchambuzi wa sera, tangu uanagenzi hadi uongozi wa utetezi, yaani kuwashawishi wenye mamlaka wabadili sera. Nitaizungumza. Lakini wanaonifahamu wanajua nikishika kipaza sauti narudi palepale, na leo pia narudi palepale, kwenye ukaguzi wa takwimu, kwa sababu jambo lenyewe bado halijarekebishwa.

Mtu akija kuomba kazi ya uchambuzi, swali langu la kwanza ni hili: nitajie takwimu moja uliyoikagua mwenyewe, kutoka chanzo chake mpaka ilipoingia kwenye ripoti. Sisemi uliyoinukuu. Sisemi uliyoibandika kwenye slaidi. Uliyoikagua. Watu wenye shahada mbili wananyamaza. Wengine wanaanza kunihesabia warsha walizohudhuria. Mmoja alinijibu bila kupepesa macho, "Hiyo ilikuwa kazi ya wanagenzi." Basi tuanze na hao wanagenzi.

Mwaka 2010 wanauchumi wawili wenye jina kubwa, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha makala kuhusu madeni ya serikali katika nchi tajiri. Walisema deni likivuka asilimia 90 ya pato la taifa, uchumi kwa wastani haukui. Unasinyaa kwa asilimia 0.1. Mnakumbuka zilikuwa nyakati gani: mabenki yametoka kuanguka, serikali zimekopa, mawaziri wa fedha wanatafuta hoja ya kubana matumizi. Ile 90 ikawa hoja. Paul Ryan akaiegemea katika mapendekezo yake ya bajeti kwenye Bunge la Marekani. Olli Rehn, kamishna wa uchumi wa Umoja wa Ulaya, akaitaja kwenye barua yake kwa mawaziri wa fedha. Ikapita miaka mitatu. Hebu fikirini ni wachambuzi wangapi, katika wizara ngapi, walioichukua 90 ile na kuipandisha kwa wakubwa wao bila kuigusa.

Aliyeigusa alikuwa mwanafunzi. Thomas Herndon, kijana wa miaka 28 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, alikuwa anafanya zoezi la darasani: chukua makala iliyochapishwa, rudia hesabu zake, uone kama utapata jibu lilelile. Akarudia, hakulipata. Akarudia tena. Mwalimu wake mwanzoni alidhani kijana ndiye aliyekosea, na nani asingedhani hivyo? Mwishowe akawaandikia waandishi wenyewe kuomba faili la hesabu. Wakampa.

Ndani ya faili lile la Excel, fomula ya wastani ilianzia mstari wa 30 ikaishia wa 44, wakati ilipaswa kufika wa 49. Nchi tano zikabaki nje: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark.

Sasa hapa naomba utulivu, maana kisa hiki kinapendwa sana na kinasimuliwa nusu. Watu wanafika kwenye fomula, wanacheka, wanaondoka. Wanasema lilikuwa kosa la Excel. Si hivyo! Fomula ile peke yake ilipotosha wastani kwa pointi 0.3 hivi tu. Tatizo kubwa zaidi lilikuwa mahali ambapo kompyuta haiwezi kukuonya: uamuzi wa nini kihesabiwe na kwa uzito gani. New Zealand iliingizwa kwa mwaka mmoja tu, 1951, mwaka ambao uchumi wake ulishuka kwa asilimia 7.6. Miaka yake ya 1946 hadi 1949, ambayo nayo ilikuwa ya deni kubwa, haikuwemo. Uingereza ilikaa miaka 19 juu ya ile asilimia 90, na katika miaka hiyo uchumi wake ulikua kwa wastani wa asilimia 2.4. Halafu mwaka mmoja wa New Zealand ukapewa uzito uleule wa miaka 19 ya Uingereza. Herndon na walimu wake, Michael Ash na Robert Pollin, walipoyarekebisha yote hayo mwaka 2013, ile hasi 0.1 ikawa ukuaji wa asilimia 2.2.

Najua kuna mtu hapa tayari ananiandalia jibu: "Mzee, wenyewe walijitetea." Ndiyo, walijitetea. Walikiri kosa la fomula, wakashikilia mengine, wakasema hata kwenye hesabu mpya nchi zenye deni kubwa zinakua polepole zaidi. Ni kweli. Katika hesabu ya kina Herndon, nchi zenye deni chini ya asilimia 30 zinakua kwa 4.2, na zilizovuka 90 kwa 2.2. Sikuja hapa kumtukana mtu. Walitoa faili lao, na ningependa kujua ni wangapi humu ukumbini wangelitoa la kwao. Lakini kati ya kumwambia waziri "uchumi utasinyaa" na kumwambia "utakua kwa asilimia 2.2" kuna mishahara ya walimu na dawa za hospitali. Waziri anakata au hakati kufuatana na sentensi hiyo.

Tazameni pia mwenendo wa watu hawa. Kijana hakwenda kupiga kelele, aliomba faili. Na alipothibitika kuwa sahihi, walimu wake waliweka majina matatu kwenye andiko, na jina lililotangulia ni la mwanafunzi. Nalirudia hilo kwa ajili ya wakurugenzi waliokaa safu ya mbele: jina lililotangulia ni la mwanafunzi.

Mimi nilifanya uanagenzi wangu miezi minne katika taasisi ambayo sitaitaja. Kazi zangu zilikuwa kutoa fotokopi, kupanga viti vya semina na kuandikisha washiriki mlangoni. Siku moja, kwa kuwa wote walikuwa safarini, nikapewa kupanga viambatisho vya ripoti. Nikaona kwamba kaya zilezile zilizohojiwa katika awamu mbili zimejumlishwa kana kwamba ni kaya tofauti. Ujumbe mkuu wa ripoti ulisimama juu ya jumla hiyo. Nikampelekea msimamizi wangu karatasi mkononi. Akasema ripoti imeshafika kwa mchapaji na nisimharibie siku. Ikazinduliwa kwa shangwe. Baada ya miezi michache, ofisa mmoja wa wizara aliinyanyua mbele ya kamati akauliza swali lilelile nililouliza mimi. Hakuna aliyekuwa na jibu. Wizara haikutuita tena kwenye suala lile, na suala lenyewe lilikuwa la haki kabisa. Watu wale walihitaji kutetewa. Mkiona napandisha sauti, ni kwa sababu jibu lilikuwemo ndani ya jengo letu, kwenye meza ya mtu asiyelipwa.

Na hilo la kutolipwa silipiti hivihivi. Mtu anayeweza kufanya kazi miezi sita bila posho ni mtu ambaye kwao kuna wa kumlisha. Kwa hiyo mlango wa fani yetu tumeuwekea kiingilio, halafu tunashangaa kwa nini maandiko kuhusu ufukara yanaandikwa na watu ambao hawajawahi kukosa nauli. Hawa si watu wabaya. Lakini dodoso likirudi linaonyesha kaya inakula mlo mmoja na bado imelipa ada yote, mtu aliyekulia katika nyumba ya namna hiyo ataelewa mara moja ni nini kimeuzwa. Mwingine ataandika kwamba data ina kasoro na kuifuta. Mnaniambia bajeti haitoshi. Bajeti ya vitambulisho vya kuning'iniza shingoni na mikoba yenye nembo huwa inatosha kila mwaka.

Mwanagenzi apewe jedwali. Kila wiki moja. Alijenge upya kutoka data ghafi bila kutazama jibu, kisha alinganishe. Likikubali, aweke saini. Likikataa, kikao kisimame mpaka ijulikane kwa nini. Ndani ya miezi mitatu atakuwa amejifunza kilichonichukua mimi miaka mitano.

Kijana mmoja aliniambia kazi hiyo sasa itafanywa na akili mnemba. Itumieni, siwakatazi. Inaweza kuiona fomula iliyokatika mstari wa 44. Lakini kuamua kama mwaka mmoja uwe sawa na miaka 19 ni uamuzi, na uamuzi una mwenyewe. Kamati ya bunge ikitaka maelezo itakuita wewe, haitaiita programu. Tena ile makala ya 2010 nayo iliandikwa kwa lugha safi kabisa. Maneno kunyooka hakujawahi kuwa dalili ya hesabu kunyooka.

Ngazi ya kati nitaipita mbiombio, maana mengi mnayajua. Muhtasari wa sera uanze na uamuzi unaoombwa, usianze na historia tangu uhuru. Njia mbadala ziwe tatu au nne, na mojawapo iwe kuacha mambo yalivyo, kwa sababu hiyo ndiyo njia ambayo serikali itaichukua usipoipigia hesabu. Kila njia iwe na gharama, na iseme nani atapoteza na kama ana uwezo wa kuizuia. Wachambuzi wengi wanaandika nani atafaidika tu, kisha wanashangaa muswada unapofia kwenye kamati. Na jueni kalenda ya bajeti. Andiko likifika baada ya ukomo wa matumizi ya wizara kupangwa, hata liwe zuri namna gani, ni salamu kwa msafara uliokwishapita.

Sasa wakubwa. Kinachoniudhi katika ngazi ya juu ni kwamba mtu akipanda cheo anaona data ni kazi ya walio chini. Anakuwa mkurugenzi wa utetezi, anasimama mbele ya kamera, anasema "asilimia 40". Asilimia 40 ya nini? Ya kaya? Ya watu? Ya waliojibu dodoso? Anageuka nyuma kumtafuta msaidizi. Mtaniambia utetezi ni mahusiano. Sawa, mahusiano yatakufikisha ofisini kwa waziri. Ukishakaa atakuuliza namba hii umeitoa wapi, na ukibabaika, utakaribishwa chai mara nyingine lakini hutaulizwa tena.

Waangalieni Mexico. Mwaka 1997 Santiago Levy na wenzake serikalini walianzisha mpango wa Progresa: fedha taslimu kwa akina mama maskini vijijini, kwa sharti kwamba watoto wasome na waende kliniki. Walijua mipango ya aina hiyo hufutwa kila rais mpya anapoingia. Kwa hiyo tathmini ikawekwa ndani ya mpango tangu mwanzo: vijiji 506, ambapo 320 vilianza kulipwa na 186 vikasubiri, ili tofauti ionekane. Wakaitwa watathmini wa nje, IFPRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa sera za chakula. Mwaka 2000 chama cha PRI kikashindwa uchaguzi wa rais baada ya kutawala miaka 71, na mpango haukufutwa. Ulipewa jina jipya, Oportunidades, ukapelekwa hadi mijini. Ndiyo, najua, ulivunjwa mwaka 2019. Ushahidi si hirizi. Lakini ulivuka marais wanne. Utetezi uliofanya kazi hiyo ulipangwa kabla ya fedha ya kwanza kutolewa, na watu waliojua kila kijiji kimeingiaje kwenye orodha.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na kurasa tatu kuhusu wafadhili. Nasema mawili tu. Anayelipia utafiti ajulikane ukurasa wa kwanza, na mkataba useme matokeo yatachapishwa hata kama hatayapenda. Kuhusu wanaohama kutoka serikalini kuja kwenye asasi na kurudi, naliacha.

Nimalizie na ofisi yangu. Kila ripoti inayotoka kwetu ina ukurasa wa mwisho wenye jina la aliyekagua kila jedwali, na majedwali yangu mimi yanakaguliwa kama ya wengine. Miezi michache iliyopita mwanagenzi mwenye wiki sita kazini alinirudishia jedwali langu. Nilikuwa nimechukua wastani wa asilimia za wilaya bila kuzipa uzito wa idadi ya watu, wakati wilaya moja ina watu mara tisa ya nyingine. Ni kosa lilelile la New Zealand. Alisimama mlangoni, karatasi mkononi, akiwa na hofu ambayo naifahamu vizuri. Nikamwambia aketi, tukalifungua faili pamoja. Ripoti ilichelewa siku nne, na jina lake lipo juu ya jalada.

Naona mkono umeinuliwa kule nyuma tangu nilipotaja Mexico. Tuanze na wewe, mwanangu.